Ndani ya koleji au chini ya bodi yake: ulinganisho kwa anayetaka kuongoza kituo cha utafiti wa sera za elimu Uganda

Mhadhiri anayeombwa kuongoza kituo cha utafiti wa sera za elimu katika chuo kikuu hapa Uganda hupewa barua inayoeleza mshahara, muda wa mkataba na majukumu, lakini jambo litakaloamua kazi yake kwa miaka yote ya uongozi mara nyingi halimo katika barua hiyo. Jambo lenyewe ni mahali kituo kilipowekwa. Kuna kituo kilicho sehemu ya koleji ya elimu, ambacho mkurugenzi wake huwajibika kwa mkuu wa koleji na, kupitia kwake, kwa Seneti na Baraza la Chuo. Na kuna kituo chenye bodi yake, akaunti yake na wafanyakazi wake, kilichokaa katika eneo la chuo na kubeba sehemu ya jina la chuo bila ya kuwa idara yake. Nimefanya kazi katika vituo vya aina zote mbili, na ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya wahadhiri wenzangu wanaopima wito wa namna hiyo, pamoja na wajumbe wa mabaraza ya vyuo wanaotaka kuanzisha kituo na hawajaamua wakiweke wapi.

Mifano iliyo karibu nasi

Hatuna haja ya kutoka Kampala kutafuta mifano. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi chake cha MISR, ilianzishwa mwaka 1948 ikiwa taasisi ya Afrika Mashariki nzima, na hadi leo ni sehemu ya chuo. Kituo cha Utafiti wa Sera za Uchumi, EPRC, kilianzishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Serikali na wa Wakfu wa Kujenga Uwezo Afrika. Ofisi zake ziko katika eneo la Makerere, lakini ni taasisi inayojitegemea, isiyogawana faida, yenye bodi na mkurugenzi mtendaji wake. Hakuna kati ya hizo mbili iliyoundwa kwa ajili ya elimu pekee, ila anayetaka kuongoza utafiti wa elimu ana mengi ya kujifunza kwazo.

La kwanza ni kwamba mahali peke yake hapamlindi mtafiti. MISR ilikuwa ndani ya chuo, na bado kwa muda mrefu ilikuwa imezoea kuishi kwa kazi za ushauri elekezi. Profesa Mahmood Mamdani alipokabidhiwa uongozi wake mwaka 2010 alisema waziwazi kwamba mazoea hayo yanaua utafiti, kwa kuwa mshauri hujibu swali alilopewa na mteja, ilhali kazi ya kwanza ya mtafiti ni kulitunga swali lenyewe. Akaigeuza taasisi kuwa mahali pa kufundishia shahada ya uzamivu. Mageuzi hayo hayakupita bila mivutano, na mivutano yenyewe ilifika magazetini. EPRC nayo imevuka miaka 30 ikiandika kuhusu bajeti, kilimo, kodi na huduma za jamii, na kwa maoni yangu imefika huko kwa sababu ilizaliwa na fedha za msingi, tofauti na vituo vingi ambavyo huzaliwa na mradi mmoja na kuzikwa pamoja nao.

Nani anatia saini ya fedha

Hapa ndipo tofauti inapoonekana mapema zaidi, pengine katika wiki ya pili ya kazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001, afisa masuuli wa chuo kikuu cha umma ni Katibu wa Chuo. Mkurugenzi wa kituo kilicho ndani ya koleji basi hatii saini ya mwisho kwenye fedha yoyote, hata ile aliyoitafuta mwenyewe kwa jasho lake. Kununua vishikwambi vya kukusanyia takwimu, kukodi gari la kwenda Karamoja, kuwalipa wasaidizi wa utafiti posho ya kulala Arua: yote hupitia taratibu za ununuzi wa umma na za fedha za umma, na taratibu hizo hazijui kwamba shule zina mihula.

Mihula nayo ina nguvu kuliko inavyodhaniwa na wasiofanya kazi hii. Muhula wa kwanza ni wa kuandikisha watoto na kuwatafuta walimu waliohamishwa. Muhula wa tatu ni wa mitihani ya UNEB, baraza la taifa la mitihani, na mwalimu mkuu mwenye watahiniwa hatafurahia wageni wenye madodoso. Kinachobaki ni muhula wa pili. Fedha ikichelewa kwa wiki nane katika ofisi tatu tofauti, utafiti hauahirishwi kwa wiki nane, bali kwa mwaka mzima. Nililiona hilo nikiwa msaidizi wa mkurugenzi katika kituo fulani cha ndani ya koleji: timu ya wakusanyaji takwimu ilikuwa imeshafunzwa, barua za wilaya zilikuwa mkononi, na fedha zilipotoka shule zilikuwa zimefunga. Mwaka uliofuata nusu ya vijana wale walikuwa wamepata kazi kwingine, tukaanza mafunzo upya.

Kituo chenye bodi yake hakina tatizo hilo. Mkurugenzi na mhasibu wakikubaliana asubuhi, gari linaondoka jioni. Lakini wepesi huo una gharama yake, nayo hulipwa kila mwezi: kodi ya pango au mchango wa matengenezo, mkaguzi wa hesabu, umeme, intaneti, mishahara yote, kodi ya mapato ya wafanyakazi na asilimia 10 ambayo mwajiri huchangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Wenzake walio ndani ya koleji hulipwa kutoka hazina ya Serikali hata mwaka ambao hawakupata mradi hata mmoja. Mkurugenzi wa kituo kinachojitegemea akipitisha miezi sita bila mkataba mpya, huanza kuwaita watafiti wake mmoja mmoja ofisini, na wanaoitwa wanajua wanachoitiwa.

Wanaofikiri hofu hiyo imetiwa chumvi na waangalie mwaka 2025. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari, na tarehe 1 Julai shirika lake la USAID likafungwa. Shirika hilo lilikuwa limegharamia kwa miaka mingi programu za kusoma katika madarasa ya awali hapa Uganda, na tathmini za programu hizo zilikuwa chakula cha watafiti wengi wa elimu. Upande wa vyuo nao uliguswa, lakini wahadhiri waliendelea kupokea mishahara, kufundisha na kuchambua takwimu walizokuwa nazo. Makerere ilikuwa pia na misaada iliyoelekezwa kwa chuo chenyewe, kama ushirikiano na Sweden ulioanza mwaka 2000, na mfuko wa utafiti na ubunifu ambao Serikali iliuanzisha mwaka wa fedha 2019/20 kwa shilingi bilioni 30. Kituo kilicho nje ya muundo wa chuo huingia katika fedha za aina hiyo kama mshirika, kikibahatika.

Nani anaweza kuzuia ripoti

Wengi huamini kwamba kituo kinachojitegemea ndicho huru kusema. Mimi siamini hivyo tena. Uhuru wa kuchapisha unakaa katika mkataba wa kila utafiti, kwenye kifungu kinachosema takwimu ni za nani na ripoti itatolewa lini na nani. Katika kituo kimoja chenye bodi yake tuliandika ripoti kuhusu watoto wanaorudia madarasa na wanaoacha shule kabla ya kufika darasa la saba. Hadidu za rejea tulizokubali, kwa haraka ya kuokoa mishahara ya robo mwaka ile, zilisema ripoti ni mali ya aliyeitoa kazi. Aliipokea, akashukuru, akalipa, akaiweka kabatini. Bodi yetu ilikuwa na watu waadilifu na haikuwa na la kufanya, kwa sababu saini yetu ilikuwa pale. Miaka imepita na ripoti ile bado inaniuma, kwa maana walimu wakuu waliotupa saa zao hawakuwahi kuambiwa tulichokiona katika madaftari yao.

Kituo cha ndani ya koleji kina kinga moja ya maana: mila ya chuo inatambua kwamba mhadhiri huchapisha, na mwanafunzi wa uzamivu hawezi kutunukiwa shahada kwa tasnifu iliyofungiwa kabatini. Mteja anayejua hilo huja na matarajio mengine. Lakini kituo hicho kina udhaifu ambao hausemwi vya kutosha. Koleji ya elimu ndiyo inayowafundisha walimu. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 imeamua kwamba ualimu uwe taaluma ya shahada, na vyuo vinavyotoa shahada za ualimu ni wadau wakubwa katika utekelezaji wake. Kituo kikiulizwa kama mafunzo hayo yanamfanya mwalimu afundishe vizuri zaidi, kinaulizwa kuhusu kazi ya wenzake wa ghorofa ya chini, na mkuu wa koleji atakayeisoma rasimu ndiye anayetetea bajeti ya mafunzo hayo. Waswahili wameshasema juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Katika swali la ubora wa mafunzo ya ualimu, na katika hilo tu, ningemwamini zaidi mkurugenzi aliye nje ya koleji.

Muda ambao sera huchukua

Hoja inayonielemea kuliko zote ni ya muda. Tume ya Kupitia Sera ya Elimu iliyoongozwa na Profesa William Senteza Kajubi iliundwa mwaka 1987 na kutoa ripoti mwaka 1989. Waraka wa msimamo wa Serikali juu ya ripoti hiyo ulitoka mwaka 1992. Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyokuwa imependekezwa na tume, iliingia katika kampeni za urais za mwaka 1996, mwanzoni kwa ahadi ya watoto wanne katika kila familia, na Januari 1997 watoto wakamiminika shuleni. Idadi ya wanafunzi wa msingi ilipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Kutoka ripoti hadi utekelezaji ilichukua miaka minane. Kutoka ahadi ya kampeni hadi mlango wa darasa haikuchukua hata mwaka.

Anayeongoza kituo cha sera za elimu anapaswa kuutafakari mwendo huo kwa makini. Mlango hukaa umefungwa kwa miaka, kisha hufunguka ghafla, na anayehitajika siku hiyo ni yule ambaye tayari ana hesabu ya madarasa, walimu, vitabu na vyoo vitakavyohitajika. Mtafiti anayeanza kuandika ombi la fedha siku mlango ulipofunguka atamaliza utafiti wake wakati watoto wa kwanza wameshafika darasa la nne. Tuliliona tena shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022: waliokuwa na takwimu za kusoma na kuhesabu za miaka ya nyuma, kama shirika la Uwezo lililokuwa likiwapima watoto majumbani tangu 2010, walikuwa na kitu cha kulinganisha, na wengine tulibaki kukisia.

Kwa kipimo hiki kituo cha ndani ya koleji kinashinda, kwa sababu chuo hakifi mradi unapokwisha. Seti ya takwimu iliyoanza na profesa mmoja inaweza kurithiwa na mwanafunzi wake, kisha na mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Kituo cha kujitegemea chenye fedha za msingi kinaweza kufanya vivyo hivyo. Kisicho nazo huishi kwa miaka mitatu mitatu ya mradi, na kila mradi huja na maswali yake.

Watu, na milango ya ofisi

Kuhusu watu, tofauti iko wazi. Ndani ya koleji utakuwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ambao wana hamu na hawagharimu sana, na wahadhiri wenzako ambao watakupa siku moja kwa wiki kwa kuwa siku nyingine wanafundisha na kusahihisha. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala za majarida ya kitaaluma. Muhtasari wa sera wa kurasa nne uliosomwa na kamati nzima ya Bunge haumsogezi popote, isipokuwa mkurugenzi ameishawishi Seneti ibadili vigezo. Kituo cha kujitegemea huajiri watu wa kudumu wanaofanya utafiti tu, wakawa hodari na wepesi, kisha mashirika ya kimataifa yakawachukua.

Kuhusu kuingia shuleni na wizarani, vyote viwili hupita njia ileile: kibali cha kamati ya maadili, kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, barua ya Wizara, kisha mtendaji mkuu wa wilaya, afisa elimu wa wilaya, na chini kabisa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye asipoarifiwa anaweza kuisimamisha kazi yote. Kituo cha koleji kina faida ndogo ya kuwa na kamati ya maadili ndani ya chuo, na faida kubwa ya kwamba maafisa elimu wengi wa wilaya walisoma katika vyumba vyake.

Swali moja la kujaribia

Ili ulinganisho usiwe wa nadharia tupu, nachukua swali linalotugusa sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, miaka 17 baada ya marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili. Uamuzi huo unahitaji majibu ya utafiti: walimu wako wangapi na wako wapi, watafundishwa kwa muda gani, na itakuwaje kwa mtoto wa darasa la kwanza ambaye mtaala wa mwaka 2007 unamtaka ajifunze kusoma kwa lugha ya nyumbani kabla ya kukutana na Kiingereza.

Kituo cha ndani ya koleji kinaweza kuanza kesho. Walimu wa Kiswahili wanafundishwa palepale, orodha za wahitimu zipo, na mwanafunzi wa uzamili anaweza kutumwa Masindi, Koboko au makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako watoto waliotoka Kongo mara nyingi wanakijua Kiswahili kuliko mwalimu wao. Hakuna haja ya kusubiri mfadhili. Lakini kitasita kusema kama mwalimu tunayemhitimisha hawezi kuendesha somo kwa Kiswahili kwa dakika arobaini. Kituo cha kujitegemea kitalisema hilo bila woga, ikiwa atapatikana wa kulipia swali. Na katika miaka niliyokuwa huko sikukutana na mfadhili aliyeliulizia.

Nani achague kipi

Kituo cha kujitegemea kinamfaa mtu aliyekwisha kujijengea jina, anayejua kutafuta fedha na kuzisimamia, na ambaye kabla ya kukubali ameonyeshwa kwa maandishi fedha za msingi za miaka mitano zisizofungwa kwenye mradi wowote. Bila maandishi hayo, hata akiahidiwa na watu anaowaheshimu, ningemshauri akatae. Kinalifaa pia baraza la chuo lenye koleji ya elimu kubwa kiasi cha kuwa na maslahi katika kila sera ya ualimu, kwa maana hapo mgongano wa maslahi ni wa kila siku.

Kwa wengine wote, na kwa vyuo vingi vya Uganda kwa hali ilivyo sasa, ningechagua kituo cha ndani ya koleji, nikijua ucheleweshaji wake wote. Elimu ni jambo la miaka mingi, na chuo ndicho chenye miaka hiyo. Lakini nisingekubali uteuzi kabla Baraza la Chuo halijapitisha kanuni zinazosema mambo yafuatayo kwa lugha isiyo na shaka: kwamba kituo hakitatia saini mkataba wowote unaomruhusu mteja kuizuia ripoti zaidi ya siku 60, kwamba utafiti unaohusu mafunzo ya koleji yenyewe utapitiwa na wasomaji wa nje na kutolewa bila idhini ya mkuu wa koleji, kwamba muhtasari wa sera utahesabiwa katika kupandishwa vyeo, na kwamba mhasibu mmoja wa chuo atapangiwa kazi za kituo pekee. Hilo la mwisho linaonekana dogo, na ndilo lingeokoa mwaka ule tulioupoteza.

Anayeanza kazi tarehe 1 Julai, mwanzo wa mwaka wa fedha, ana miezi sita kabla ya waraka wa mfumo wa bajeti ya taifa kufika Bungeni, ambao sheria inautaka uwe umewasilishwa kufikia tarehe 31 Desemba, na ana hadi tarehe 15 Machi kabla ya wizara kuwasilisha maelezo ya sera zao. Muda huo hautoshi kukusanya takwimu mpya. Unatosha kuzisoma upya zilizopo, zile za UNEB za kupima maendeleo ya elimu na zile za Uwezo, kuandika kurasa nne kuhusu watoto wengi wa darasa la tatu ambao bado hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili, na kuzipeleka kwa mkono katika kamati ya elimu ya Bunge kabla wajumbe hawajakwenda likizo ya Krismasi.